Kipepeo wa Miguu Sita

Kipepeo wangu amesimama kwa miguu sita, na hilo ndilo kosa lake.

Najua unavyofikiri. Mtoto yeyote wa darasa la tatu atakwambia mdudu ana miguu sita, na mwalimu atampa vema. Hata kipepeo halisi ninayemsema anayo sita, ukiitafuta vizuri. Lakini jamii yake hutembelea minne. Miwili ya mbele ni vijiti viwili vidogo mno, ameikunja kifuani na wala haikanyagi chini, kwa hiyo akitua juu ya jani unaona minne basi. Huyu wangu, aliyebandikwa kwenye bahasha za watu mpaka ng'ambo, ameikita yote sita juu ya jani, imara kama meza.

Nilimchora mimi. Nilikuwa mchoraji wa stempu wa shirika la posta kwa karibu miaka thelathini, nikaagwa kwa saa ya ukutani na hotuba ndefu ya mtu asiyejua jina langu. Nimechora stempu arobaini na saba: ndege, madaraja, maua, wanariadha, hata treni moja ambayo mpaka leo naionea fahari. Hakuna anayeniuliza habari za treni. Wanaokusanya stempu wakinikuta mahali wanauliza habari za kipepeo, nami huwajibu kwa tabasamu, maana mtu akishazoea kuwa mkavu wa macho hata tabasamu huja lenyewe.

Aliyenifundisha kumtazama mdudu ni kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Mimi ni kitinda mimba. Alikuwa mtunza wadudu wa makumbusho. Wenzake walimwita Bwana Dudu, naye aliitika bila kinyongo. Chumba chake kilikuwa na makabati mpaka darini, na kila kabati lina droo nyembamba, na kila droo ina wadudu waliochomwa pini mgongoni, kila mmoja na kijikaratasi chake chini: alikamatwa wapi, lini, na nani. Chumba kizima kilinuka dawa ya kuzuia wadudu, kwa sababu wadudu waliokufa nao huliwa na wadudu walio hai. Kaka aliona hilo ni jambo la kuchekesha sana, akawa anamweleza kila mgeni.

Alikuwa na macho, jamani. Ungeweza kumwekea mezani mbu wawili wanaofanana kama mapacha, akakwambia huyu ni wa mtoni na huyu ni wa kwenye pipa la nyumbani kwako, lifunike. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini kwa macho yake alijisifu kidogo. Ndicho kitu pekee alichojisifia.

Sasa kazi ya stempu ilikuwa hivi. Stempu haichorwi kwa ukubwa wake. Unaichora mara sita ya ukubwa huo, kwa brashi yenye nywele za kuhesabika, halafu mashine za kiwandani zinaipunguza. Nyuma ya mchoro hubandikwa karatasi ya idhini yenye mistari mitatu ya saini: ya mtaalamu, ya mchoraji na ya mkuu wa sehemu. Mtaalamu ndiye husaini kwanza. Akishasaini, mchoro hauguswi tena. Ukitaka kubadilisha hata doa moja, unaurudisha kwake, unabandika karatasi mpya, anakagua upya. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini kila aliyeshika brashi kwenye ghorofa yetu ya wachoraji aliijua kama anavyojua jina lake, na mtaalamu aliyesaini alilala usingizi kwa sababu ya sheria hiyo.

Mwaka nilioingia kazini tulipewa kuchora wadudu wanne: nyuki, kerengende, vunjajungu na kipepeo. Nilikuwa mwezi wa tano kwenye majaribio ya mwaka mmoja. Mtaalamu aliyeteuliwa alikuwa kaka, kwa kuwa hakukuwa na mwingine, na hakuna aliyeona ajabu ndugu wawili kufanya kazi pamoja. Kila mchana nilivuka mitaa miwili na bahasha kubwa kwapani, nikampelekea mchoro. Hakunionea huruma hata kidogo. Nyuki alinirudishia mara tatu. "Papasi hizi za kichwani zina pingili," alisema. "Hesabu. Usikisie, hesabu." Vunjajungu alimkubali mara ya kwanza, nikaringa wiki nzima.

Kipepeo alikuwa ni wake, wa kumkamata mwenyewe, mwenye mabawa ya rangi ya udongo uliolowa na madoa mawili ya buluu. Nilipomwona kwenye pini nilidhani amevunjika. Nikamwambia kaka, "Huyu kapoteza miguu miwili." Akacheka, akanipa lenzi. "Angalia kifuani. Umeiona? Hiyo ameiweka akiba." Nikaiona, imejikunja ndani ya manyoya. Basi nikamchora juu ya jani, miguu minne. Kaka alimkagua nusu saa nzima, mguu kwa mguu, akihesabu kwa kunong'ona. Akasaini siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi akaondoka kwenda msituni kukusanya wadudu kwa wiki tatu, na huko msituni simu haikuwepo.

Alhamisi hiyohiyo, saa nne, mkuu wa sehemu akasimama mezani kwangu. Tulimwita Mzee Rula, kwa sababu hakuamini kitu mpaka akipime. Alimtazama kipepeo wangu, akatoa penseli ya sikioni, akaanza kuhesabu kwa ncha yake.

"Moja, mbili, tatu, nne. Mingine umeila?"

Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, ili nisiwe peke yangu nisiyecheka.

"Jamii hii, mzee, hutembelea minne," nikasema.

"Jamii gani? Mdudu ni miguu sita. Mjukuu wangu analijua hilo."

"Mtaalamu ameshasaini."

"Amesaini mdudu. Na mdudu ana miguu sita. Gari la kiwandani linakuja saa nane. Weka miguu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Ningesema mchoro uliosainiwa hauguswi, na kwamba kama anataka miguu basi asubiri wiki tatu mtaalamu arudi. Angenifokea, angeniandikia barua, pengine angenitoa kazini. Sijui, kwa sababu sikujaribu. Nililoweka brashi nikachora miguu miwili, na kusema kweli niliichora vizuri, ina viungo vyake, ina vinywele vyake, kivuli chake kimeangukia jani panapostahili. Ilinichukua dakika ishirini. Mzee Rula akahesabu tena mpaka sita, akasaini, nami nikasaini. Saa nane gari likaja.

Nilijiambia nitamweleza kaka akirudi. Akarudi na homa, nikasema apone kwanza. Akapona, nikasema stempu ni ndogo kama ukucha, nani atahesabu miguu.

Walihesabu. Stempu zilitoka, watu wakazipenda, mwezi mmoja tukapongezwa. Kisha barua zikaanza kuingia, ya kwanza kutoka kwa mkusanya stempu mmoja mstaarabu sana aliyeuliza kama ni aina mpya. Ya pili ilitoka kwa profesa ambaye hakuwa mstaarabu. Zikafika kumi na moja. Halafu gazeti likachora katuni: kipepeo yuko dukani anachagua viatu, anamwambia muuzaji, "Zamani nilivaa jozi mbili, lakini posta wameniongezea." Hata mimi nilicheka nilipoiona.

Kikaitwa kikao. Nakumbuka meza ndefu yenye kioo juu, chupa za maji, feni iliyolia kila ikifika upande wa kushoto. Alikuwepo bwana mkubwa wa posta, mkurugenzi wa makumbusho, Mzee Rula, kaka, na mimi pembeni na faili mapajani. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuwa bado haijasainiwa. Ilikuwa ndani ya faili hilohilo. Mchoro ukaletwa. Mkurugenzi akaugeuza nyuma, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hii saini ni yako?"

Kaka aliuchukua kwa mikono miwili. Akautazama mbele. Akaugeuza akatazama saini, akarudi tena mbele, akakaa hapo muda mrefu.

"Saini ni yangu," akasema.

"Ulikagua?"

"Nilikagua."

"Ukahesabu miguu mingapi?"

Feni ikalia mara mbili, mara tatu.

"Inaonekana sikuona vizuri," kaka akasema.

Mzee Rula alinitazama usoni. Nikajitia hamnazo, nikaitazama penseli yangu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mimi ndiyo kwanza naanza, kila mtu akaulinda ugali wake kwa kunyamaza. Neno moja lilitosha. Hata sasa nikiwa peke yangu jikoni hulisema lile neno kwa sauti, "Niliongeza mimi," ni maneno mawili kumbe, na hayachukui hata muda wa kupiga chafya.

Nje ya kikao nilimkimbilia. Nilitaka kumwambia, naapa nilitaka. Lakini yeye ndiye aliyenitangulia. Aliniwekea mkono begani akasema, "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuharibia kazi yako ya kwanza."

Halafu nikafanya jambo ambalo ndilo ninalolijutia kuliko ile miguu yenyewe: nikalielewa neno lake kwa namna iliyonifaa. Nikajiambia, anajua. Ameuona mchoro, amejua mkono wangu, ameamua kunibeba kama alivyonibeba tangu nikiwa mtoto, na huku kuniomba radhi ni njia yake ya kuniambia nyamaza, yamekwisha. Basi nikanyamaza. Nikauweka msamaha ambao hakuna aliyenipa, nikaishi nao miaka thelathini na mmoja.

Kaka alikuwa karibu kupewa makabati yote ya makumbusho ayasimamie. Akaondoa jina lake mwenyewe. Mwezi uliofuata akaomba kuhamishwa. Wakampeleka idara ya vifaa, kwenye chumba cha chini, akawa anagawa mafagio, balbu na miguu ya viti. Alifanya kazi hiyo mpaka akastaafu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema amechoka na harufu ya dawa. Nikaamini, au niseme nilikubali kuamini. Nyumbani kwake mdudu hakutajwa tena. Nzi akitua mezani, alimfukuza bila kumtazama.

Mimi nilithibitishwa kazini. Nikapandishwa cheo mara mbili. Ile stempu ikawa inatafutwa kwa sababu ya kosa lake, wakusanyaji wakawa wananiletea niitie saini pembeni, nami nikawatilia. Saini yangu ni nzuri, ina mkia.

Kila Jumamosi nilikwenda kumwona kaka. Wifi yangu alifariki zamani, naye akabaki na binti yake mmoja, ambaye alimpa jina la Sisimizi tangu alipokuwa akitambaa, kwa sababu kila alichokikuta sakafuni alikibeba. Sasa Sisimizi ana miaka thelathini na minne, anauza vigae vya sakafu kwenye duka kubwa, na bado anaitwa hivyo. Ni mtoto mwenye maneno machache. Ananipenda, au alinipenda. Sijui niliandike vipi.

Mwaka huu macho ya kaka yalianza kuzima. Kwanza akawa anamimina chai nje ya kikombe, halafu akawa ananisalimia kwa kugeukia mlango hata nikiwa nimeshakaa. Jumanne moja Sisimizi akashindwa kupata ruhusa kazini, mimi nikampeleka hospitali.

Daktari wa macho alikuwa binti kijana mwenye haraka na adabu. Alimmulika jicho moja, akammulika la pili, akampima presha ya macho kwa mashine inayopuliza, kaka akawa anashtuka kila ikipuliza na kuomba radhi kwa mashine. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nimemshikia kofia yake.

"Shida hii ilianza lini, mzee?" daktari akauliza, kalamu tayari.

"Miaka thelathini na mmoja iliyopita."

Daktari aliacha kuandika. "Haiwezekani, mzee. Kwa presha hii, ungekuwa umeshakuwa kipofu mimi niko chekechea. Hii ina miaka mitatu, sana sana minne. Kabla ya hapo macho yako yalikuwa mazima kabisa."

"Hayakuwa mazima, mwanangu," kaka akasema taratibu, kama anayemsaidia mwanafunzi. "Nilikuwa na kazi ya kutazama. Nikaletewa kipepeo aliyechorwa miguu sita, nikahesabu minne. Nilihesabu zaidi ya mara moja. Hata leo nikifumba macho naiona ileile minne. Ingekuwa nilizembea, ningejikaza. Lakini nilitazama kwa bidii, nikaona kisichokuwepo. Mtu wa kazi yetu akifika hapo, anafunga sanduku."

Daktari alitabasamu kwa heshima, akaandika kitu kingine. Alisema matone yatalinda mwanga kidogo uliobaki, uliokwenda hautarudi.

Mimi sikusikia vizuri. Kofia ya kaka ilikuwa imejikunja mikononi mwangu. Hakuwa anajua. Hakuwahi kujua. Siku ile nje ya kikao aliniomba radhi kwa sababu alidhani ana kosa. Hakunibeba wala hakunisamehe, kwa maana hakujua kama kuna la kusamehe. Na alichopoteza si cheo. Kitu pekee alichojisifia, macho yake, nilimwondolea mimi kwa dakika ishirini za brashi, tena yakiwa mazima, nikamwacha ahesabu mafagio. Ndani ya teksi alinieleza habari za jirani yake anayefuga njiwa. Nilijibu "eeh" mpaka tukafika.

Sisimizi alikuwa amerudi kwa chakula cha mchana. Alimpokea baba yake, akamketisha kwenye kochi lake la karibu na dirisha, akaingia jikoni kupasha mboga. Jiko la pale halina mlango, lina pazia tu. Nikapiga moyo konde.

"Kaka," nikasema, "ulihesabu minne kwa sababu ilikuwa minne."

"Ipi?"

"Miguu ya kipepeo. Uliposaini ilikuwa minne. Miwili niliongeza mimi, siku ya pili yake. Ulikuwa msituni. Mzee Rula aliniambia niongeze, nikaongeza."

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Baada ya saini?"

"Baada ya saini."

"Mchoro uliosainiwa hauguswi."

"Niliugusa."

Niliona mkono wake ukisogea juu ya goti, kidole kimoja kinagonga, cha pili, cha tatu, cha nne, kikasimama. Nilisema moyoni, haya, ameipata, amerudishiwa. Nilikuwa tayari anitukane. Nilitamani anitukane.

Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Hapana," akasema. "Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Ungeogopa wiki moja. Ungeogopa mwezi. Kisha ungekuja unalia, ungeniambia. Mimi sikujui? Nilikushika bega pale nje nikakuomba radhi, unakumbuka? Mtu aombwe radhi na ndugu yake kwa kosa alilolifanya yeye, halafu akae kimya, apokee mshahara, aje kunywa chai kwangu kila Jumamosi miaka yote hii? Mtu gani huyo? Si wewe."

"Ni mimi, kaka."

"Umesikia nilivyomwambia daktari, ukaingiwa na huruma. Ndivyo ulivyo. Ulipokuwa mdogo nilivunja sahani ya mama, ukasimama ukasema umevunja wewe, ukachapwa. Mpaka leo sijakulipa."

"Mchoro upo," nikasema. "Upo kwenye makabati ya posta. Rangi ya ile miguu imekaa juu ya rangi ya jani, ukiuinamisha kwenye mwanga inaonekana. Nitauomba. Nitakuletea uone."

"Nione kwa macho gani?" aliuliza, bila uchungu wowote, kama anayeuliza saa. Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, akaupigapiga. "Acha, mdogo wangu. Lile kosa nimekaa nalo, tumezoeana. Mwenzio nashukuru kwa moyo wako. Ila usiseme uongo mkubwa hivyo, utakuumiza."

Nililia. Akadhani namlilia yeye, akaendelea kunipigapiga mkono.

Chakula kilipoisha kuliwa, mimi sijala, Sisimizi akasema atanisindikiza. Wanakaa ghorofa ya pili. Tukashuka ngazi, yeye mbele. Kwenye kituo cha katikati ya ngazi, penye dirisha la vioo vidogo na mita za umeme, akasimama akanigeukia.

"Ni kweli?"

Ningeweza kumeza tena. Nilikuwa na uzoefu.

"Ni kweli," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Hakupandisha sauti, aligeukia mita za umeme kama anayezisoma.

"Nilipomaliza shule nilijaza fomu ya chuo," akasema. "Nafasi ya kwanza niliandika elimu ya wadudu. Hukujua. Sikumwambia mtu, nilitaka iwe zawadi kwake. Baba alipoiona akachukua kalamu akaikata. Akaniambia, macho yako umeyatoa kwangu, na yangu hudanganya. Tafuta kazi ambayo ukikosea hakuna atakayeumia. Nikadhani anatania, nikangoja acheke."

"Mwanangu..."

"Nauza vigae, shangazi. Mteja akinishikia viwili akaniuliza kama rangi ni moja, namwita mwenzangu aje atazame. Miaka kumi na mitatu nafanya hivyo. Wananitania kazini, wanasema mimi ni mwoga. Nikitazama naona kabisa ni rangi moja. Naona. Halafu namwita mtu."

Nikamwambia nisamehe. Neno lilitoka dogo, likabaki pale kwenye ngazi. Nilitaka kumshika, lakini alikuwa amekunja mikono.

"Nimekuamini," akasema. "Yeye hatakuamini, hata ukamletea mchoro na mashahidi, kwa sababu akikuamini itabidi akupoteze. Kwa hiyo usimwambie tena. Umesikia? Usimsumbue."

"Nimesikia."

Alifuta uso kwa kiganja, mara moja, haraka.

"Jumamosi uje kama kawaida," akasema. "Asipokusikia mlangoni atauliza. Chai nitaiacha kwenye chupa, vikombe viko mezani. Mimi nitakuwa nimetoka."